Uzi: 2016 niliwapelekea mapanka ya upepo, mwaka huu nimewapelekea simiti. Niliyoyaona kule kaskazini

Dereva_wa_Miritini (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wakuu. Huu uzi niliuahidi tangu mwezi uliopita, ila kila nikikaa niandike, simu inalia, nakwenda kupakia. Leo gari iko gereji, klachi imekwisha, fundi ameniambia nisimsumbue mpaka kesho kutwa. Kwa hivyo nina nafasi.

2016 nilikuwa bado taniboi. Kazi ikatokea bandarini: kuna mitambo ya upepo imeteremshwa Kilindini, inakwenda Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Mimi nikadhani ni kumi au ishirini. Kumbe mitambo 365. Kila mmoja una mabawa matatu, kila bawa lina mita 25 hivi. Hayo ni mabawa zaidi ya elfu moja, na hapo hujagusa minara wala vile vichwa vyake vizito. Bibi yangu nilipomuonyesha picha kwenye simu akasema, "Haya si mapanka haya? Sasa nani ana chumba cha kutosha kuyaning'iniza?" Tangu siku hiyo kwetu jina ni mapanka.

Mzigo ule ulikuwa haupelekwi usiku. Gari ya skoti mbele, gari ya skoti nyuma, kulinda msafara. Kutoka Changamwe mpaka mizani ya Mariakani, masafa ambayo gari ya kontena inayamaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa, sisi tuliyala nusu siku. Kila penye kona taniboi unashuka, unatembea na mkia wa trela kwa miguu, usije ukafagia kibanda cha mtu. Mazeras watoto walitufuata wakiuliza kama ni ndege.

Jumla ni kama kilomita 1,200. Nairobi, Isiolo, Laisamis. Pale Laisamis unaiaga lami, unaingia ile barabara waliyoitengeneza kwa ajili ya mradi, kilomita 208. Mimi nimezaliwa Miritini, kaskazi naijua na kusi naijua. Upepo wa kule si wa kuulinganisha na hizo. Ukifungua mlango wa gari bila kuushika, uhesabu huna mlango. Wenyewe wanasema upepo unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za huku kwetu, unapita pale bondeni kama maji kwenye mpira uliobanwa mdomo.

Tukateremsha, tukarudi, nikasahau.

2019 ikaja ile amri ya kontena zipande reli, na nyinyi wa Mombasa hamuhitaji kuhadithiwa. Magari yalilala Miritini na Jomvu mpaka matairi yakaota nyasi. Tajiri wangu akabadilisha biashara, akaingia vifaa vya ujenzi. Mimi nikapata leseni ya gari kubwa. Na mwaka huu nikaambiwa: pakia simiti na mabati, peleka Laisamis, nusu iendelee mpaka Loiyangalani, kando ya ziwa.

Sasa ndiyo nafika kwenye sababu ya uzi huu.

Mapanka yapo, yanazunguka safu kwa safu, ukiyaona jioni wallahi unasimamisha gari. Chini yake boma za watu ziko gizani. Anayetaka kuchaji simu anakwenda kwa mwenye duka aliye na kipande cha sola. Nilishangaa, ila si sana, maana nimezoea kuona mali ikipita mlangoni pa mtu. Kilichonishangaza ni nyumba. 2016 njia nzima ile niliona vibanda vya miti, ngozi na magunia. Safari hii, upande wa South Horr, paa za mabati zinameta moja hapa, tatu pale. Nikamuuliza mzee wa duka, "Hizi ni za mradi?"

Akacheka. Akaniambia, "Hiyo ni Mombasa."

"Mombasa vipi, mzee?"

"Vijana wanaouza shanga kwenu baharini. Waliojenga kwa pesa ya duka ni wachache. Waliobaki ni kwa pesa ya ng'ombe na ya Mombasa."

Nimekaa Mombasa miaka yangu yote na sikulijua hilo. Kuna mwenye kujua zaidi?

---

BintiKuze

Subiri kwanza. Yule kijana wa shanga ninayemwambia "sitaki, sitaki" pale ufuoni Pirates kila Jumapili ana nyumba yake ya mabati, na mimi napanga chumba Kuze choo cha kuchangia? Haya. Endeleeni, mimi nimekaa.

---

Mkono_Mtupu

Kaka, uzi mzuri, lakini mnaanza kilio mapema. Barabara imejengwa, ndiyo au siyo? Watu wamepata vibarua, ndiyo au siyo? Mradi wa shilingi kama bilioni 70, pesa za wawekezaji, umewekwa mahali ambapo serikali tangu uhuru haijaweka hata choo. Sisi watu wa Pwani tukiona jiwe limewekwa juu ya jiwe tunauliza "nani kaibiwa".

---

Dereva_wa_Miritini

Barabara ndiyo. Hilo siwezi kulikataa hata kwa bunduki. Mama mmoja wa samaki pale Loiyangalani aliniambia zamani lori likikwama mtoni samaki wanaoza na mteja anakata simu. Sasa mzigo unafika Laisamis na kupanda lami. Na hiyo lami ya Isiolo mpaka Moyale nayo, wazee wanaijua: ilikuwa ni kupanda juu ya mbuzi ndani ya lori, na msafara wa polisi kwa kuogopa majambazi, siku mbili njiani ukiwa na bahati.

Vibarua ndiyo pia, ila vilikuwa vya kuchimba, kubeba na kulinda. Mtambo wa mwisho ulisimikwa Machi 2017. Mwezi uliofuata kijana aliyekuwa akipokea mshahara amerudi kwa mbuzi wake na buti za mradi miguuni. Buti zile niliziona mwaka huu, zimekatwa zimefanywa ndara.

---

Stima_Kongowea

Mimi ni fundi stima, hebu niseme jambo kabla watu hawajaanza kutukana. Kila mtu anauliza, "Mbona stima inapita juu ya vichwa vyao na hawapewi?" Jamani, ule waya haukuumbwa kwa kugawa. Ni laini ya msongo mkubwa mno, inatoka Loiyangalani mpaka Suswa kule Narok, zaidi ya kilomita 400. Huwezi kuchomeka waya wa nyumba pale, utageuka jivu na jirani zako. Ili kijiji kipate, lazima kijengwe kituo chenye transfoma kubwa za kushusha nguvu, halafu laini ndogo, halafu nguzo mpaka mlangoni. Hiyo ni pesa nyingi kwa boma chache zilizotawanyika, na hakuna mwekezaji atakayeitoa mfukoni mwake. Ni kazi ya serikali, na serikali haikuipanga kwenye bajeti.

Kichekesho ni kwamba mapanka yenyewe yalikaa mwaka na zaidi bila kutoa hata taa moja. Mitambo imekwisha Machi 2017, laini imekwisha Septemba 2018, kwa sababu kampuni iliyokuwa ikivuta laini ilifilisika katikati ya kazi. Na mkataba ulikuwa umeandikwa kwamba stima ikiwa tayari na laini haiko, serikali inalipa. Ikalipa mabilioni. Rais akaja kuzindua Julai 2019. Kwa hivyo tulinunua upepo uliokuwa ukivuma bure.

---

BintiKuze

"Tulinunua upepo." Hii naiandika kwenye leso.

---

Mtaita_Changamwe

Nimewasoma mkiwaonea watu wa Marsabit huruma, nikatabasamu. Hebu kila mmoja wenu anayeishi kisiwani akafungue mfereji jikoni. Ukitoa maji (najua, najua, kama ni siku yake), yametoka wapi? Sehemu yake yametoka chemchemi ya Mzima, ndani ya Tsavo, kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200 lililowekwa miaka ya 1950 na wakoloni. Bomba hilo linapita kwetu Taita. Nimekua nikilikalia kama benchi nikichunga mbuzi, na mama yangu akitembea na mtungi kutafuta maji. Chemchemi iko kwenye kaunti yetu, pesa za maji zinalipwa Mombasa, na kwetu mpaka leo ni kampeni ya kila uchaguzi.

Sasa fundi Stima ametuambia waya haukuumbwa kugawa. Na bomba je? Bomba linaweza kutobolewa na mtoto. Hapo lawama tutampa nani?

---

Stima_Kongowea

Hapo umenifunga mdomo.

---

Mkono_Mtupu

Mtaita, hata maji yenyewe huku hayatoshi, tunanunua mtungi kwa mkokoteni. Usidhani tumekaa tunaoga kwa bomba lenu.

---

Mtaita_Changamwe

Najua. Ndiyo maana inachekesha. Nyinyi mna kiu na sisi tuna kiu, na katikati yetu kuna bomba.

---

MzeeWaKisauni

Vijana wangu, salaam. Mmezunguka sana nje ya nyumba, ingieni ndani. Maji, stima, barabara, hayo ni matunda. Ulizeni shamba ni la nani.

Ile ardhi ya mapanka ni ekari 150,000. Ilikuwa ardhi ya amana, mwenye kuishika ni baraza la kaunti la Marsabit kwa niaba ya wakaazi. Baraza likaipangisha. Wakaazi wakasema hatukuulizwa, wakaenda mahakamani 2014. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikasema hati zile hazikupatikana kwa njia ya sheria, ikawapa waliohusika mwaka mmoja wa kurekebisha. Yaani mapanka yamekwisha kusimama, yanazunguka, pesa zinalipwa, ndipo mahakama inasema karatasi haikuwa sawa. Nani atayang'oa? Hakuna. Na aliyeiandika ile karatasi alilijua hilo.

Sisi tulishaonjeshwa dawa hiyo. 1908 Mzungu alileta sheria ya hati za ardhi Pwani: mwenye dai aje aandikishe. Mwenye kusoma na mwenye mzungu wa kumshauri akaandikisha. Babu yangu alikuwa shambani kwake akipalilia mihogo, hakuna aliyemwambia. Kisichoandikishwa kikawa mali ya taji la Uingereza. Mpaka leo hapa Kisauni, na ukivuka Mtwapa uende Kilifi yote, kuna watu wazima waliozikwa na wajukuu wao wakaitwa maskwota juu ya makaburi hayo hayo. Halafu barabara ya njia nne inakuja, wenye hati wanalipwa fidia, na mwenye kaburi anaambiwa ahamishe kibanda.

Kwa hivyo mimi nikisikia "maendeleo yamefika kaskazini" huuliza tu, kuna karatasi gani na imetiwa sahihi na nani.

---

BintiKuze

Shikamoo Mzee. Swali la mjinga: sasa wao wafanye nini? Wasijenge mpaka karatasi itoke? Maana karatasi kwetu tunaingoja tangu 1908.

---

MzeeWaKisauni

Marahaba mwanangu. Si la mjinga hata kidogo. Wao wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Kuna sheria ya ardhi ya jamii ya 2016. Jamii inaandikisha ardhi kwa jina lake, na mwekezaji akija, mkataba haupiti mpaka theluthi mbili ya watu wazima wakubali kwenye mkutano wao. Shida ni kuandikisha. Jamii ambayo haijaandikisha, ardhi yake bado imeshikwa na serikali ya kaunti, na hapo ndipo tulipoanzia.

---

Askari_Bamburi

Habari zenu. Mimi husoma tu humu, leo nimelazimika kujiandikisha ili nijibu. Mimi ni Msamburu. Kwetu ni huko alikopita huyu dereva, si mbali na South Horr. Nalinda nyumba ya mtu Bamburi, zamu ya usiku, kwa hivyo nina muda wa kuandika.

Yule mzee wa duka hakukudanganya. Mimi nilikuja Mombasa mara ya kwanza na wenzangu sita, tukakaa chumba kimoja Mtwapa. Mchana shanga na mikuki ya kuuza ufuoni, usiku kuruka na kuimba hotelini kwa watalii. Msimu ukiisha tunarudi nyumbani, msimu ukianza tunarudi huku. Mtu wa Mombasa anatuona ni kama miti ya ufuoni, anadhani tulizaliwa tumevaa hivyo. BintiKuze, sikukasirikii, hata mimi ningesema "sitaki".

Pesa ya kwanza nilinunua mbuzi. Ya pili ng'ombe. Halafu ukaja ukame na ng'ombe karibu wote wakafa. Nikakaa nikafikiri, ng'ombe anakufa, shanga haziuziki msimu wa mvua, basi ni nini kisichokufa? Ndugu yangu mmoja alikuwa amejenga nyumba ya mabati. Wazee walimcheka, wakasema ni joto kama tanuri, na ni kweli ni joto. Lakini ukame ulipokuja, nyumba yake ilibaki. Akapangisha chumba kwa mwalimu. Mimi nikafuata.

Kuhusu mapanka: binamu yangu alifanya kazi pale ya kulinda, miezi minane. Alipata pesa nzuri, na hakujenga. Aliinywa. Mimi sisemi mradi ni mbaya. Nasema pesa ya mapanka ilikuja haraka ikaenda haraka, na ya Mombasa inakuja kidogo kidogo, mama yangu anaisubiri kila mwezi, kwa hivyo anaipangia.

Mzee wa Kisauni, umenigusa. Nyumba yangu iko juu ya ardhi ambayo haijaandikishwa. Kamati imechaguliwa, mikutano inafanywa, wengine hawaji kwa sababu wamehama na mifugo, na bila wao hesabu haitimii. Mimi mwenyewe sijafika hata mkutano mmoja. Niko hapa nalinda hati ya mtu mwingine.

---

MzeeWaKisauni

Mwanangu, omba ruhusa uende.

---

Askari_Bamburi

Nikienda bila badala, kazi imekwenda. Nitajaribu Desemba.

---

Mkono_Mtupu

Naondoa nusu ya maneno yangu ya mwanzo. Nusu tu. Bila ile barabara ya mradi, mabati yako yangefika kwa punda.

---

Askari_Bamburi

Hilo nakubali kabisa. Ya kwanza yalifika kwa ngamia, na yalipofika yalikuwa yamekunjika kama chapati.

---

Stima_Kongowea

Nauliza kama fundi: umeweka nini cha taa?

---

Askari_Bamburi

Sola ndogo, balbu tatu na redio. Mama anazima balbu mbili akisema ni ufujaji. Usiku ukikaa nje unaona taa nyekundu za mapanka kwa mbali. Watoto wa dada yangu wanaziita nyota za Mzungu.

---

BintiKuze

Askari, Jumapili hii nitakuja Pirates. Ndugu zako wako upande gani? Nataka bangili, na sitaki kushusha bei. Nashusha kidogo tu.

---

Askari_Bamburi

Upande wa ngamia. Waambie umetumwa na mlinzi, watakupandishia bei.

Dereva, nina jambo langu. Nataka kuongeza chumba kimoja nyuma. Nina mabati thelathini nimeyanunua Kongowea moja moja, yako chini ya kitanda. Ukirudi safari ya Laisamis unaweza kunibebea? Ndugu yangu atayapokea.

---

Mkono_Mtupu

Kwa nini usinunue Isiolo? Ni karibu na kwenu, utaokoa nauli.

---

Askari_Bamburi

Nikituma pesa Isiolo, kabla haijafika dukani imepitia kwa mjomba mgonjwa, karo ya shule na harusi. Mabati hayaliwi.

---

Dereva_wa_Miritini

Wallahi umenimaliza. Nitakubebea. Klachi ikikubali napakia Jumatatu, Jumanne alfajiri napita barabara ya Malindi kuchukua mzigo mwingine Vipingo, uwe umeyatoa pale steji ya Mtambo saa kumi na moja. Nauli tutaelewana, usinilipe kitalii.

Ila niambie kwanza, ni geji gani?

---

Askari_Bamburi

30.

---

Dereva_wa_Miritini

Thelathini ni nyembamba, ndugu yangu. Mimi nimeushika mlango wa gari kule kwa mikono miwili. Utaezeka leo, kesho upepo umekupelekea paa Suswa. Kabadilishe upate 28, hata kama yatapungua yawe ishirini na tano. Na ununue misumari ya kofia ile yenye mpira, mbao ziwe karibu karibu. Ukikosa muda wa kubadilisha nitumie risiti, kuna duka Kongowea wananijua.

---

Askari_Bamburi

Risiti iko kwa tajiri, nilimwachia aniwekee. Akiamka nitamuomba.